Simu Kila Mtu Anayo: Maneno kwa Wafanyabiashara wa Mwisho wa Reli

(Hotuba hii ilitolewa Kigoma mjini mbele ya wafanyabiashara wa dagaa, mawese na maduka ya jumla. Imeandikwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa Ujiji, akina mama wa Kibirizi, wavuvi na wachuuzi wa Katonga, wenye maduka wa Mwanga, nanyi mliotoka Kasulu na Uvinza tangu alfajiri: mwakeye. Assalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze kuhusu teknolojia ya habari na mkakati wa biashara, na namna vitu hivyo viwili vinavyomsaidia mtu kushindana sokoni. Kwa sehemu kubwa nitazungumza kuhusu dagaa. Naomba wenye mawese na wenye maduka mnivumilie, maana yanayomhusu dagaa yanawahusu na ninyi.

Kwanza nawaomba wenye simu mnyooshe mikono. Naona ukumbi mzima. Wenye pesa kwenye simu? Ukumbi mzima tena. Wenye simu janja na WhatsApp? Si wote, lakini ni wengi, na ambaye hana ana mtoto au mjukuu anayo. Basi swali langu la asubuhi hii ni hili: ikiwa wewe unayo na jirani yako pale mwaloni anayo, simu hiyo inakupa nini ambacho yeye hana?

Kuna kisa cha wavuvi wenzetu wa Kerala, kusini mwa India, ambacho kila mfanyabiashara wa samaki anapaswa kukijua. Mchumi mmoja, Robert Jensen, alikaa akifuatilia masoko ya samaki ya pwani ile kwa miaka kadhaa, akachapisha matokeo yake mwaka 2007. Anaeleza kwamba Januari 14, 1997, wavuvi 11 walifika ufukwe wa Badagara na mitumbwi imejaa dagaa wa baharini. Hapakuwa na mnunuzi. Walikuwa karibu kuwatupa. Na siku hiyohiyo, ndani ya kilomita 15 tu kutoka pale, kwenye fukwe nyingine mbili, wanunuzi 27 walikuwa wakijiandaa kurudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hawakupata samaki.

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnaijua hali hiyo. Mmekwishaona Kibirizi samaki wamefurika bei imeanguka, na upande mwingine wa mji watu wanaulizana samaki wamekwenda wapi.

Kati ya 1997 na 2001 minara ya simu ikajengwa kwenye pwani ile, eneo moja baada ya jingine, na mawimbi yake yakafika hata baharini. Wavuvi wakaanza kupiga simu wakiwa bado majini: Badagara bei gani leo? Quilandi je? Jensen alipima kilichotokea. Kabla ya simu, kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki walikuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi. Baada ya simu, kutupa samaki kukakaribia kwisha kabisa. Bei zilizokuwa zikipishana vibaya kati ya ufukwe na ufukwe zikakaribiana. Faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na mlaji akapata samaki kwa bei iliyoshuka kwa takriban asilimia 4. Mvuvi kafurahi, mama anayenunua samaki wa kitoweo kafurahi. Ni mambo machache sana katika biashara yanayofurahisha pande zote mbili kwa mpigo.

Lakini tazameni kwa makini kilichofuata, maana hapo ndipo penye somo letu. Mvuvi wa kwanza kununua simu alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana. Aliweza kukimbilia ufukwe wenye bei nzuri, wenzake wakabaki palepale. Siku wote walipokuwa na simu, bei zikawa sawa kila mahali na ule upekee wake ukaisha. Simu ikageuka kuwa kitu cha lazima: asiyenayo anapoteza, na aliyenayo anakuwa sawa na wengine. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Nicholas Carr, aliwaudhi sana wauzaji wa kompyuta aliposema jambo hilohilo. Alisema teknolojia ikishakuwa ya kila mtu, kama ilivyokuwa kwa reli na umeme, haimpi tena mtu mmoja nafasi ya kumshinda mwenzake. Wengi walimpinga. Mimi naamini alikuwa na haki kwa upande wa chombo chenyewe, ila chombo kinafanya kazi aliyokipa mwenye nacho, na kazi hizo zinatofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Reli tunaijua sisi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na hapa Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo mji ulikuwa Ujiji. Misafara kutoka pwani ilikuja Ujiji, pembe za ndovu zilipita Ujiji, chumvi ya Uvinza iliuzwa Ujiji, na ole wetu, watu waliofanywa watumwa nao walipitishwa hapo. Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871, alimkuta Ujiji. Kisha reli ikaja kuishia kwenye ghuba ya Kigoma, penye kina cha kutosha meli, na biashara ikahama kilomita chache tu kutoka ilipokuwa. Wazee mnaotoka Ujiji mnajua maumivu ya jambo hilo kuliko ninavyoweza kuyasema. Ujiji haukukosea kitu. Watu wake walikuwa wachapakazi, wana lugha na wana mitandao hadi Unguja. Njia ndiyo iliyobadilika, na njia ikibadilika, aliyekuwa katikati anajikuta pembeni.

Nalisema hili kwa sababu njia inabadilika tena. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Siku treni hiyo ikianza kufika hapa, dagaa wako watafika Dar es Salaam haraka kuliko leo. Hiyo ndiyo sehemu tunayoipigia makofi. Sehemu ya pili ni kwamba mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mtaji mara hamsini ya wako naye atafika Katonga haraka kuliko leo, atazungumza na mvuvi mwenyewe, na hatahitaji kukupitia wewe. Ukimuuliza leo mchuuzi wetu faida yake inatoka wapi, mara nyingi inatoka kwenye umbali. Dar ni mbali, njia ni ngumu, kwa hiyo anayevusha mzigo analipwa. Umbali ukipungua, malipo hayo yanapungua. Lazima tupate kitu kingine cha kulipwa.

Hapo ndipo mkakati unapoingia. Watu wanalitumia neno hili kwa mambo mengi, hata mpango wa kununua meza mpya unaitwa mkakati. Mimi nalitumia kwa maana moja: kuamua utamhudumia nani, kwa jambo gani utakuwa bora kuliko wengine, na nini utakikataa. Profesa Michael Porter wa Harvard, aliyeandika sana juu ya ushindani tangu mwaka 1979, alionyesha kwamba njia za kushinda ni chache. Ama uwe wa bei ya chini kuliko wote, na gharama zako ziwe chini kweli. Ama uwe na kitu tofauti ambacho mteja yuko tayari kukilipia zaidi. Na lolote kati ya hayo unaweza kulifanya kwa soko zima au kwa kundi dogo la wateja unaowajua vizuri. Anayejaribu kuyashika yote hubaki katikati, hana bei wala hana sifa.

Sasa tujiulize kuhusu dagaa wa Kigoma. Tunaweza kuwashinda wenzetu wa Ziwa Victoria kwa bei ya chini? Hatuwezi, na hatuna haja. Dagaa wao ni wengi, ni wa bei nafuu, na wako karibu na masoko makubwa. Dagaa wetu ana jina. Ingia soko lolote la Dar es Salaam, muuzaji atakuonyesha mafungu mawili na kusema, hawa wa Mwanza, hawa wa Kigoma, na hawa wa Kigoma bei yake ni nyingine. Jina hilo tumelirithi bure. Kazi yetu ni kulilinda, na ndugu zangu, hatulilindi.

Mchanga. Naomba tuuzungumze mchanga bila kuoneana haya. Mama wa Tabata amelipa bei ya dagaa wa Kigoma, anawachambua, anawaosha mara tatu, na bado kwenye mboga jino linakutana na mchanga. Safari ijayo anachukua wa Mwanza, au anachukua kuku. Tunaanika chini kwa sababu ni rahisi na kwa sababu anayeanika juu ya chanja, akalipia mbao na nyavu, akifika sokoni anapewa bei ileile ya yule wa mchangani. Mnunuzi hana namna ya kuwatofautisha kabla hajafika nyumbani. Tatizo hilo, msingi wake, ni la habari. Usafi upo kwa baadhi yetu, ila habari ya usafi haisafiri pamoja na gunia.

Na kusafirisha habari ndiyo kazi hasa ya hizi simu. Mwenye kuanika kwenye chanja anaweza kuandika juu ya kila kifuko namba ya fungu, mwalo waliovuliwa, tarehe waliyoanikwa, na namba ya simu yake. Akiwa na simu janja anapiga picha chanja zake asubuhi hiyo na kuwatumia wateja wake kabla basi halijaondoka. Mteja akipata mchanga kwenye fungu namba 14, anapiga, na wewe unajua lilianikwa siku gani na nani. Ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa utahitaji alama ya mistari. Zile zinazotolewa kwa Tanzania zinaanza na tarakimu 620. Utahitaji pia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wako hapa mkoani na wanafundisha ufungashaji. Nendeni, milango yao iko wazi. Ila msianze na kifuko chenye picha nzuri. Anzeni na dagaa wasio na mchanga. Kifuko kizuri chenye mchanga ndani kitaliua jina haraka zaidi, kwa sababu safari hii namba yako ya simu iko juu yake.

Nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wengi wenu mnalo daftari. Ni daftari la madeni: nani kachukua nini na hajalipa. Akilipa mnapiga mstari, ukurasa ukijaa mnaung'oa. Mnatupa hazina.

Chukueni mfano. Una wateja wawili mjini Dodoma. Wa kwanza anachukua magunia kumi kwa mkopo na analipa baada ya siku 40. Wa pili anachukua magunia matatu kila wiki na analipa siku hiyohiyo kwa simu. Moyoni unamheshimu yupi? Wa kwanza, bila shaka. Yeye ndiye bosi, akija unamtafutia soda. Lakini hesabu: katika siku hizo 40 wa pili amechukua magunia 15 au zaidi, na mtaji uliotumia kwake ni wa magunia matatu tu yanayozunguka. Wa kwanza amefunga mtaji wa magunia kumi, na siku zote hizo huna uhakika. Aliye na tarehe za kuchukua na tarehe za kulipa anaiona tofauti hii kwa dakika moja. Asiyezitunza anaendelea kumnunulia soda mtu anayemmaliza.

Hili halihitaji kompyuta ya bei. Daftari lenye safu nne linatosha kuanza: tarehe, mteja, mzigo, siku aliyolipa. Kijana wako anayejua kutumia jedwali kwenye simu atalihamishia huko, na simu itakujumlishia, itakupangia, itakuonyesha mwezi upi unauza na upi unakula mtaji. Pesa ya simu nayo inakuandikia bila kuiomba. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, kila malipo yana tarehe na kiasi. Ukipokea malipo kwa njia hiyo badala ya noti mkononi, unajijengea historia ambayo mkopeshaji anaweza kuisoma. Tenganisha tu laini ya biashara na laini ya nyumbani, vinginevyo ada ya shule na bei ya dagaa vinachanganyika na hakuna anayeelewa kitu.

Na kuna mambo ya kuandika ambayo mtu wa Kariakoo hawezi kuyajua. Sisi tunajua giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, bei inapanda; giza likirudi mzigo unarudi. Kila mtu hapa anajua hivyo kwa jumla. Ni nani anajua kwa tarakimu? Ni nani anaweza kusema, kwa miezi 24 iliyopita, bei Kibirizi siku tatu kabla ya mbalamwezi ilikuwa hii na siku tano baadaye ilikuwa hii, mvua ikiwepo na isipokuwepo? Mwaka 2024 serikali ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa mvuvi ilikuwa miezi migumu, na sitaki kuipunguza uzito wake. Kwa mchuuzi ilikuwa mtihani wa hesabu: ninunue magunia mangapi kabla ya kufunga, niyaweke mpaka lini, yataharibika kiasi gani, nani atalipa bei ya juu mwezi Julai? Aliyekuwa na rekodi aliyajibu kwa kalamu. Asiyekuwa nazo alikisia, na mtaji wa mtu haustahili kukisiwa.

Kumbukumbu za namna hiyo hazinunuliwi dukani. Tajiri atanunua simu bora kuliko yako, atanunua lori, atajenga stoo. Miaka miwili ya bei za Katonga zilizoandikwa kila asubuhi kwa mkono wako hawezi kuinunua, labda aje kwako.

Naomba niwape tahadhari moja, na naichukua Marekani. Shirika la ndege la American Airlines lilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukata tiketi uitwao SABRE. Kuanzia mwaka 1976 likaweka vioo vya kompyuta vya mfumo huo kwenye ofisi za mawakala wa safari. Wakala akitafuta ndege, kioo kilimwonyesha za mashirika yote, ila za American zilitokea juu. Wakala mwenye haraka alikata ya kwanza aliyoiona. Washindani wakalia, na mwaka 1984 serikali ya Marekani ikatoa kanuni za kukomesha upendeleo huo. Kwa hiyo anayemiliki kioo anapanga nani aonekane kwanza. Leo mnauza kupitia kurasa na makundi ya watu wengine. Uzeni, ni sawa. Lakini mwenye kurasa akibadili utaratibu kesho, au kundi likafungwa, wateja wako utawapata wapi? Kila mteja anayekulipa, jina lake na namba yake viingie kwenye orodha yako mwenyewe, na nakala ibaki nyumbani, maana simu huanguka ziwani. Mtunze na siri ya mteja. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba za watu haziuzwi wala hazirushwi ovyo.

Wenye maduka ya jumla, kwenu nina moja. Serikali sasa inanunua kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma. Shule, zahanati, halmashauri, zabuni zao zinapita humo. Ambaye hajajisajili haonekani, hata kama duka lake linatazamana na geti la shule. Jisajilini mwezi huu. Na wa mawese, yote niliyosema juu ya mchanga yasomeni kama maji na takataka kwenye mafuta. Mnunuzi wa viwandani atapima, na mwenye vipimo vya kila pipa atauza kabla ya mwenye maneno matamu.

Kuhusu matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mnawajua. Namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata kwa wakala mnayesali naye.

Sasa niseme ninachokiomba, kwa sababu sikuja kuongea tu. Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi zenye safu sita: tarehe, mwalo, hali ya mwezi, bei ya wabichi, bei ya wakavu wa mchangani, bei ya wakavu wa chanja. Naomba watu wawili wa Katonga na wawili wa Kibirizi wajitolee kuzijaza kila asubuhi. Kijana mmoja ataziingiza kwenye jedwali na kuzituma kwa wote waliojiandikisha, kila jioni. Ile safu ya mwisho ndiyo ninayoitaka kuliko zote. Kwa miezi michache ya mwanzo huenda tofauti ya bei ikawa ndogo, pengine hakuna kabisa, na waanikaji wa chanja watasema tunapoteza muda. Naomba wavumilie. Mnunuzi akianza kuona bei mbili kila jioni, atauliza kwa nini ni mbili, na hapo mwenye chanja atakuwa na la kumjibu na namba ya fungu ya kumwonyesha.

Mwenyekiti amekubali kwamba tukutane hapahapa baada ya giza mbili kupita, tuzisome hizo bei kwa pamoja. Akina mama wa Kibirizi, naona wawili wenu mmekwishasimama. Njooni mchukue karatasi zenu, halafu tuanze maswali.